Mama umeniuliza kama nimeiona safina ya Nuhu

Shikamoo baba, shikamoo mama,

Natumaini wote hamjambo na alizeti imekomaa vizuri huko Singida. Mimi huku Erzurum, Uturuki, mzima kabisa, Mei hii baridi ndo inaondokaondoka, juzi kwa mara ya kwanza nimetoka nje bila glavu. Nimeona niwaandikie barua kabisa badala ya zile voisi za dakika moja moja kwa sababu swali la mama kwenye grupu la familia halijibiki kwa voisi, kila nikianza kuchapa meseji inakuwa ndefu nafuta.

Ile video aliyotuma mama mdogo nimeiona, inayosema wanasayansi wamepiga rada ardhini huku Uturuki wakaikuta safina ya Nuhu, eti na korido katikati. Mama ukaniuliza wewe si ndo unasomea kupima ardhi na uko hukohuko, umefika? Nimefika mama. Nimeenda wiki mbili zilizopita na wenzangu wawili wa darasani, nimesimama juu yake nikaiangalia mpaka jua likageuka, na nataka niwaambie nilichokiona kwa utulivu kwa sababu najua video imeshaenda mpaka kwenye kikundi cha kwaya.

Mji unaitwa Doğubayazıt, mashariki kabisa, ukipitiliza kidogo unaingia Iran. Kutoka hapa Erzurum ni basi la masaa manne hivi, na watu wa pale wengi ni Wakurdi, wakarimu mno, dereva wa taksi aliyetupeleka alikataa tuondoke kabla hatujanywa chai kwake, vile vibilauri vyembamba, ukimaliza anajaza, ukimaliza anajaza. Asubuhi tukafungua dirisha la gesti mlima Ararat huu hapa mbele yetu, mita 5,137, theluji imeufunika kuanzia kichwani mpaka mabegani, umesimama peke yake kwenye tambarare kama Hanang unavyoonekana kutoka kwetu siku ambayo hakuna vumbi, ila huu ni mkubwa zaidi na mweupe. Nikamkumbuka bibi anavyosoma Mwanzo sura ya 8 kwa sauti jioni, pale anapofika kwenye milima ya Ararati anapunguza mwendo. Machozi yalinitoka, siwafichi.

Sasa kitu cha kwanza ambacho video haisemi, ile sehemu haiko kwenye mlima huo. Iko kusini yake, kilomita 29 hivi kutoka kileleni, kwenye vilima jirani na mpaka wa Iran, mpaka wenyewe ni kama kilomita tatu tu. Hiyo peke yake siyo tatizo, maana Biblia inasema milima, kwa wingi, na Ararati ni jina la nchi ya zamani ambayo watu wa historia wanaiita Urartu, nchi kubwa yenye milima mingi. Shangazi naye atasema Kurani inataja Judi, sura ya Hud aya ya 44, na kweli huku kuna mlima unaitwa Cudi, ila uko mbali kusini mkoa wa Şırnak, na watu wa kule nao wana masimulizi yao ya safina tangu zamani sana.

Hili umbo la kwenye video wanaliita Durupınar, ni jina la kapteni wa jeshi la Uturuki, İlhan Durupınar, kazi yake ilikuwa ramani, mwaka 1959 akiwa anakagua picha zilizopigwa na ndege akaona kitu kama merikebu kimelala kwenye udongo. Wenyeji wao wanasema lilijitokeza mwaka 1948 baada ya mvua kubwa na matetemeko. Mwaka 1960 picha ikatoka kwenye gazeti la Life la Marekani, mwaka huohuo ikaja timu, wakachimba na kulipua kwa baruti, wakakuta udongo na mawe, wakaondoka. Pakakaa kimya mpaka 1977 alipokuja Mmarekani anaitwa Ron Wyatt, huyu kazi yake ilikuwa nesi wa dawa za usingizi, yeye ndo aliyeitangaza dunia nzima, na mpaka leo serikali imeweka kituo cha wageni pale juu.

Ukisimama pale kwenye kituo unaliangalia kutokea juu, ng'ambo ya kibonde, na kweli baba, ni merikebu. Mbele kumechongoka, nyuma kumechongoka, mbavu mbili zimenyanyuka pembeni, katikati kumebonyea. Urefu wake mita 160 hivi. Mwanzo 6 inasema dhiraa 300, ukichukua dhiraa ndefu ya Misri ya sentimita 52 unapata mita kama 156, ndo maana watu wanaruka. Ila upana Biblia inasema dhiraa 50, hiyo ni mita 26, na lile umbo pale penye tumbo linapita mita 40, wanaosema ni safina wanajibu kwamba iliharibika ikapanuka. Tukashuka mpaka chini. Udongo wa pale ni wa mfinyanzi, kijivu, ulikuwa na maji ya theluji iliyoyeyuka, kila hatua kiatu kinaongezeka uzito, ukiusugua kwenye vidole unateleza kama sabuni. Na mawe yake mengi ni ya volkano, meusi, mengine yana kutu ya kahawia inayobaki mkononi. Hiyo kutu na ule udongo muikumbuke, nitairudia.

Baba, nikueleze hizi mashine zinavyofanya kazi kwa kutumia kile kisima chetu, maana wewe uliona kwa macho yako. Yule mtu wa savei aliyekuja shambani kwa babu alikuja na waya kwenye rili, nyundo na vyuma vinne, unakumbuka akagongelea vyuma vyote kwenye mstari mmoja, viwili vya nje vinapeleka umeme ardhini, viwili vya ndani vinapima, akawa anavisogeza mbali zaidi na zaidi kwa sababu ukivitanua umeme unashuka chini zaidi. Mashine yake ilikuwa inasoma kitu kimoja tu, ardhi inaukatalia umeme kiasi gani. Haikuona maji. Hakuna mashine ya hivyo inayoona maji. Mwamba mzima wa graniti kama wa kwetu unaukataa umeme sana, mwamba uliopasuka ukanyonya maji unauruhusu, lakini udongo wa mfinyanzi nao unauruhusu, na maji ya chumvi yanauruhusu zaidi ya vyote. Yeye akaona namba imeshuka akasema hapa maji yapo, tukauza ng'ombe, mashine ya kuchimba ikashuka mita 110 ikatoa unga mkavu. Mama ulisema tumerogwa. Hatukurogwa mama, mashine ya kupimia ilisema kweli, kwamba chini kuna kitu kinachopitisha umeme, aliyekosea ni yule aliyekipa jina baada ya kupima mstari mmoja.

Rada ya ardhini ni ndugu yake. Tunayo ya darasani, inafanana na mashine ya kukatia majani, unaisukuma polepole, inatupa mawimbi ya redio chini, wimbi likikuta mabadiliko linarudi, mashine inahesabu limechukua muda gani. Mara ya kwanza tulifanyia kwenye maegesho ya magari, chini kulikuwa na bomba la maji, kwenye skrini bomba halikutokea kama bomba, lilitokea kama upinde, kama unyusi wa mtu, kwa sababu rada inaanza kulisikia kabla haijafika juu yake na inaendelea kulisikia ikishapita. Mwalimu akatuambia tusiandike bomba, tuandike kitu kinachorudisha wimbi, kina kadhaa, basi. Na hata hicho kina unakipata kwa kukadiria wimbi linakimbia kasi gani kwenye ule udongo, ukikosea kasi unakosea kina. Afu kuna jambo kubwa zaidi, udongo wa mfinyanzi wenye maji unaimeza rada. Kwenye mchanga mkavu inashuka mita nyingi tu, kwenye tope kama lile la Durupınar inakufa mapema, ukitaka kuona chini zaidi ndo unarudi kwenye vyuma na waya.

Kwa hiyo mtu akikwambia rada imeona korido, mimi nasikia kwamba rada imeona mstari. Mstari huo unaweza kuwa tabaka la mwamba, ufa uliojaa maji, mpaka wa tope na jiwe. Zile picha za rangi nyekundu na bluu kwenye video, rangi amechagua mtu, na lile umbo la vyumba linalozunguka kwenye kompyuta limechorwa na mtu juu ya ile mistari. Sisemi wanadanganya, wapo wanaofanya kazi kweli pale na vyuo vya huku vimeingia tangu 2021, wanachukua sampuli za udongo wanapima, ni kazi halali. Nasema tu video imeruka kutoka kwenye mstari mpaka kwenye safina bila kupita katikati.

Na katikati palishapitiwa, hili ndo lililonigusa nilipolisoma. Miaka ya 1980 alikuja John Baumgardner, mwanajiofizikia wa maabara ya Los Alamos Marekani, na huyu anaamini gharika ya Nuhu neno kwa neno kama bibi, alitaka iwe kweli kuliko mimi na nyie. Alikuwa pamoja na Wyatt na David Fasold, mtu wa kuopoa meli zilizozama, wakapata mistari inayovuka kama mbao na misumari ya chuma, dunia ikafurahi. Lakini Baumgardner hakuishia kwenye mistari, akaendelea kupima zaidi na akachoronga, na mwisho akasema ni umbo la asili. Fasold alikuwa ameshaandika kitabu kizima kusema ni safina, mwaka 1996 akatia jina lake pamoja na mjiolojia Lorence Collins kwenye makala iliyosema ni mwamba wa kawaida, na kile chuma ni madini yaliyomo kwenye mawe ya volkano, ndo ile kutu niliyowaambia inabaki mkononi. Mnajua inavyokuwa ngumu mtu kurudi mbele ya watu aliowaambia jambo akasema nilikosea? Mimi wale wawili nawaheshimu sana. Na hata Answers in Genesis, wale Wakristo wa Marekani waliojenga mfano wa safina kwa mbao wa ukubwa kamili kule Kentucky, na wao wanasema Durupınar siyo.

Sasa kwa nini limekaa kama merikebu? Nyie mmeona jambo hili kwa karibu kuliko Waturuki wengi. Desemba 2023 yale maporomoko ya Katesh, tope lilivyoshuka kutoka Hanang likabeba mawe na miti, likikuta kitu kigumu linakipita pande zote mbili na kukutana mbele yake. Pale Durupınar bonde zima ni tope linaloteleza taratibu, ukitazama kutoka juu unaona mikunjo yake kama blanketi lililosukumwa, na katikati kuna mwamba umesimama, tope linaupita huku na huku linauchonga nyuma na mbele. Kitu chochote kinachopitwa na mkondo kinachongoka hivyo, hata mawe ya mtoni. Nilipoliona hilo kwa macho, picha ya merikebu ikaondoka kichwani, nikaona mto wa udongo, na kusema kweli ulikuwa mzuri wa kutazama.

Mama najua utauliza je imani. Mimi naamini kama mlivyonifundisha, na sikuondoka pale nimepungukiwa chochote. Ila nawaomba msichange hela. Mama mdogo ameandika kwamba kuna watu wanakusanya michango ya safari ya kwenda kuiona safina iliyothibitishwa, tafadhali baba ongea naye wewe, mimi kwake bado mtoto. Kama mtu anataka kuja kuuona Ararat aje, ni wa kuonwa kweli, lakini aje akijua anaenda kuona nini.

Halafu la kisima. Baba umesema yule mtu amewaambia sehemu ya pili ni chini ya ule mkuyu na anataka hela ya kuanzia wiki ijayo. Naomba usimpe kwanza. Mwambie akupe karatasi ya vipimo, siyo ile ripoti yenye mhuri, nataka namba zenyewe, umbali wa vyuma na alichosoma kila aliposogeza, uzipige picha moja moja kwa mwanga wa mchana unitumie. Na apime mistari miwili inayokatiza, siyo mmoja, akisema mmoja unatosha muulize ule wa kwanza ulitosha? Muulizeni pia yule mzee jirani maji ya kisima chake yana chumvi kiasi gani, hilo litanisaidia kuliko mnavyofikiri. Nitakaa nazo hapa na mwalimu wangu, nimeshamwambia, amesema niziletee wakati wowote.

Bibi nimempigia picha ya Ararat asubuhi jua likiwa linatoka upande wa Iran, namtumia kwa simu ya mdogo wangu, amwongezee mwanga kwenye skrini ndo ataona theluji.

Mwanenu