Risala ya Kamati ya Ujenzi na Mafundi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Ujenzi wa Madarasa Mawili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na kijiji,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wetu,
Mabibi na mabwana,

Shikamooni wakubwa wetu, na wanafunzi hamjambo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana. Kamba unazoziona, zinazoonyesha mahali kuta zitakaposimama, zimefungwa kwenye vigingi, na msingi bado haujachimbwa. Tuliomba ufike mapema hivi kwa sababu mambo mengi yanayomwezesha mtoto kuona ubao, kumsikia mwalimu na kupumua vizuri huamuliwa siku ya kufunga kamba. Rangi ikishapakwa, mengi hayarekebishiki tena.

Tunaanza na uelekeo wa jengo. Ramani inatupa chumba cha mita 9 kwa 7 kwa watoto 45, yaani mita za mraba 1.4 kwa kila mtoto, ubao na mwalimu wakiwemo humo humo. Tungefuata barabara, kama inavyozoeleka ili jengo lipendeze kwa mpita njia, madirisha yangetazama mashariki na magharibi. Jua la saa 2 hadi saa 4 asubuhi, na la kuanzia saa 9 alasiri, huingia limelala, wala hakuna upenu wa kulizuia. Ubao unang'aa, watoto wa upande mmoja wanakunja nyuso na kusogeza madawati, na wale wa upande wa pili wanabanwa. Kwa hiyo tumegeuza kamba: ubavu mrefu unakwenda mashariki na magharibi, madirisha yanatazama kaskazini na kusini. Kwetu Tanzania jua la adhuhuri huwa juu mwaka mzima. Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini. Upenu wa sentimita 90 upande mmoja na baraza ya mita 1.8 upande wa pili vinatosha kuweka madirisha kivulini. Kugeuza kamba hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji.

Kuhusu madirisha, kipimo tunachokishika ni sehemu moja ya tano ya sakafu. Chumba cha mita za mraba 63 kinahitaji uwazi wa mita za mraba 12.6. Tatizo ni kwamba hesabu hii hufanywa kwa ukubwa wa fremu, na siku hizi kila mtu anataka aluminiamu ya kusukuma. Kioo kimoja kikisukumwa kinasimama mbele ya mwenzake, kwa hiyo dirisha la mita za mraba 3 linapitisha hewa ya 1.5 tu. Karatasi inasema chumba kina hewa ya kutosha, na watoto wanasinzia saa 6 mchana. Tunaomba vioo vya luva, yaani vipande vyembamba vinavyogeuzwa pamoja, ambavyo hufunguka karibu vyote, vikiwa pande zote mbili na vikitazamana ili upepo upite kati. Juu ya linta, yaani boriti iliyo juu ya madirisha, tutaweka mistari miwili ya tofali za matundu, maana hewa ya moto hupanda na lazima ipate pa kutokea. Na mita 1.2 za mwanzo kutoka ukuta wenye ubao hazitakuwa na dirisha, ubao using'ae.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye paa, na hapa tunaomba utuvumilie kidogo. Fedha zikipungua, kitu cha kwanza kukatwa huwa ni dari. Bati tupu saa 7 mchana ni kikaango juu ya vichwa vya watoto. Mvua ikinyesha, mtoto wa dawati la nyuma anauona mdomo wa mwalimu ukifunguka na hasikii neno. Kipindi kinakuwa kimekwisha hata kama kengele haijagongwa.

Kuna shule moja tunayoitaja mara kwa mara tukiwa kazini: Shule ya Msingi Gando, nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Aliyeibuni ni Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho hicho. Kuta ni za matofali ya udongo wa pale pale uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Dari ni ya matofali, ina nafasi za kupitisha hewa, na bati limeinuliwa juu yake kwenye kenchi nyembamba za nondo. Bati linapochemka, upepo unapita kati yake na dari na kuondoka na joto kabla halijashuka darasani. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani.

Hatuombi paa kama lile. Tunachukua akili yake: mtoto asikae moja kwa moja chini ya bati, na nafasi iliyo kati ya bati na dari ipumue. Tutaacha matundu kwenye kuta za pembetatu za mwisho wa jengo, na kila tundu litakuwa na wavu. Wavu ukisahaulika popo wanahamia, na kinyesi chao kinaozesha dari ndani ya miaka michache.

Sakafu za madarasa mengi hubanduka mapema, na lawama humwangukia mtoto kwamba anaburuta dawati. Chanzo ni kifusi kilichomwagwa chote kwa mara moja badala ya kushindiliwa kila sentimita 15, zege lililozidishiwa maji ili liwe jepesi kumwagwa, na jamvi, yaani zege la sakafu, lililoachwa likauke juani. Zege letu litakuwa la 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne, unene wa sentimita 10, nalo litamwagiliwa maji siku 7. Vumbi la sakafu mbovu huishia vifuani mwa watoto.

Sakafu itakuwa sentimita 45 juu ya ardhi. Njia ya kiti mwendo huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, hivyo yetu ni mita 5.4. Ile ya mita moja na nusu inayojengwa ili ionekane ipo ni bembea la kuteleza, na anayekaa kwenye kiti hawezi kuipanda bila kubebwa.

Vyoo tunavijenga kwa uwiano wa tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Chumba cha wasichana kujihifadhi kitakuwa na bomba la maji ndani, msumari wa kutundikia nguo na komeo linalofungwa kwa ndani. Maji yakiwa nje, binti hatakitumia. Bomba la hewa la shimo la choo liwe la inchi 6, lisimame wima bila kona, lipite paa kwa sentimita 50 na kufunikwa wavu juu. Nzi wa shimoni hufuata mwanga wa juu na kufia kwenye wavu huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Kwanza, utusaidie kupata kibali cha maandishi cha mhandisi wa halmashauri kwa kamba hizi tulizogeuza. Pili, fedha zikipungua, tuanze na chumba kimoja kilichokamilika, chenye dari, luva na sakafu, kuliko viwili vya bati tupu. Tatu, vyoo vikamilike siku moja na madarasa.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Ujenzi na Mafundi