Risala ya Wanakisomo wa Micheweni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, masheha, masheikh wetu, walimu, wazazi na wanakisomo wenzetu, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja kwetu na masika haya.

Mheshimiwa, sisi ni akina mama wakulima wa mwani na walimu wa vyuo vya Qur-ani hapa Micheweni, Pemba. Darasa letu linafuata maji. Bamvua likiingia, maji yakajaa na kupwa sana, kila mtu yuko pwani na kamba zake. Maji mafu yakifika, bahari isipopwa sana, tunakaa jamvini tukasoma. Tulianza kwa vitabu vya Kiswahili sanifu, na wengi walikata tamaa. Si kwamba hawakifahamu. Ila mtu mzima anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza, akatamka "kyakula" kwa Kipemba, lahaja yetu, kama alivyofunzwa na mamaake, kisha akaoneshwa "chakula", hudhani masikio yake ndiyo yenye kosa. Na watoto wetu wapo waliorudi kutoka skuli na daftari limejaa wino mwekundu kwa kuandika "kyuo". Hilo linatuuma sana. Mtoto yule alisikia vizuri, akaandika alichosikia, na kusoma kunaanzia hapo hapo.

Ndipo tukaandaa vyetu: kadi za herufi, kijitabu cha hadithi za mabibi, na maana ya sura fupi za Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur-ani, kwa Kipemba. Qur-ani yenyewe inabaki kwa Kiarabu chake. Tunachoandika ni maana.

Kazi hii si ngeni visiwani. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alifasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha mjini. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alitupa Qurani Takatifu mwaka 1969, na mpaka leo ndiyo tunayoirejea. Wote walitumia Kiunguja, ambacho mwaka 1928 kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kipemba kilibaki mdomoni.

Mheshimiwa, turuhusu tukusimulie siku moja tu. Tulikuwa katika Suratul Maun, aya ya mwisho, inayowataja wanaozuia "maun". Katika rasimu ya kwanza tuliandika "misaada midogo midogo". Kawaida yetu, sheikh akishaipitisha maana, tunamsomea mzee ambaye hakuwemo katika kufasiri, kisha tunamwomba aeleze kwa maneno yake. Bibi mmoja akasema hao ni watu wanaoikalia misaada inayoletwa na serikali. Tukajua hatujafika. Sheikh akamweleza kuwa wanazuoni wanataja ndoo, shoka, chungu, vitu ambavyo majirani huazimana. Bibi akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi ni yule anokunyima kyungu." Tukaufuta mstari wetu, tukaandika kauli yake, na sheikh akairidhia.

Haja yetu kubwa ni uchapishaji. Vijitabu tunavitoa fotokopi, na karatasi hizo haziwezi mikono iliyotoka kwenye maji ya chumvi, hazimalizi mwezi. Tunaomba utusaidie kuchapa nakala 200 zenye jalada gumu. Tunaomba pia utufikishe kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA), ambalo limeshatoa kamusi la Kipemba, ili tukubaliane namna ya kuziandika sauti zetu, na Ofisi ya Mufti iipitie tafsiri kabla haijatoka. Hatutaki hata neno moja la dini liwafikie watu bila kukaguliwa. Kiswahili sanifu watoto wetu wanakihitaji, wana mitihani yao. Tunachowaomba walimu ni kuipokea "kyuo" ya mtoto, kisha kumfundisha "chuo" kando yake.

Bibi tuliyemtaja yupo hapa, mstari wa mbele. Alipojiunga nasi hakuwa akiijua hata herufi moja. Kwa idhini yako, sasa atasimama akusomee mwenyewe, kwa Kipemba, maana ya sura ile.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante.