Anayeanza kuchonga hahitaji kisanduku cha patasi 12

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu makala mliyoichapa juu ya vifaa vya kuchongea mbao kwa wanaoanza. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi ametaja vifaa 20 na ushei, kisha akamshauri mwenye fedha kidogo anunue seti ya bei rahisi ili aanzie hapo. Hapo ndipo nisipokubaliana naye, maana ushauri kama huo nusura unifanye niache kuchonga kabla sijaanza.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka 26, na kuchonga nimekuanza ukubwani. Nilinunua kisanduku cha patasi 12 zenye mipini ya vanishi nyekundu, kila moja imelala kwenye kitanda chake. Zilipendeza mno. Siku ya kwanza nilikuwa nachonga kijiko kwa mbao laini, na kabla shimo la kijiko halijafika kina cha ukucha, mdomo wa bobari, ile patasi iliyopinda kama mfereji, ulikuwa umekunjika. Nikakandamiza zaidi. Bobari ikateleza, ikanichoma baina ya kidole gumba na cha shahada, mkono wa kushoto, na kovu ninalo hadi leo. Nilipomrudia aliyeniuzia akaniambia nimetumia nguvu nyingi. Ni kweli nilitumia, kwa sababu kifaa butu hakiendi ila kwa nguvu, na kikiteleza kinakwenda na nguvu zote ulizokitia.

Kwa kazi yangu nilitakiwa kulijua hilo. Fundi cherehani ana mkasi mmoja wa kitambaa, anaufunga kwenye kitambaa chake, na mtoto akionekana anakatia karatasi nyumba nzima itasikia. Hakuna fundi anayenunua mikasi 12 ya hovyo akitumaini kwamba mmoja wao utakata.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo namwomba aanze na vitu vitatu: kisu kimoja, bobari moja na kinoo. Kisu kiwe kifupi, ubapa wa sentimita 4 au 5 unatosha, na mpini ujae kiganjani, kwa sababu mpini mwembamba unaleta ganzi baada ya nusu saa. Bobari iwe na mkunjo wa wastani. Wauzaji wengi huandika namba mbili kwenye chuma au kwenye karatasi yake, na wanaoanza huzipita bila kuzielewa. Moja ni upana wa mdomo kwa milimita. Nyingine ni mkunjo, hesabu iliyoenea kutoka kwa wafua vyuma wa Sheffield, Uingereza: namba 1 ni patasi iliyonyooka, namba 3 imepinda kidogo sana, namba 9 inakaribia nusu duara, na namba 11 ni mfereji wa kina. Watengenezaji hawalingani kabisa, ila mpangilio ni huo. Mimi naona namba 7 yenye upana wa milimita 14 au karibu na hapo inafaa sana kuanzia, kwa sababu inachimba na pia inasawazisha. Ya pili ije baadaye, kazi yenyewe itakapoidai.

Nyundo ya mbao usinunue. Kipande cha tawi gumu kilichochongwa mpini kinatosha, na hakitapasua mipini ya patasi kama inavyofanya nyundo ya chuma.

Sasa utajuaje kwamba chuma ni kizuri? Mng'aro hausemi kitu. Tafuta maneno yanayotaja chuma cha kaboni nyingi, au alama ya HRC na tarakimu kati ya 58 na 62, ambayo ni kipimo cha ugumu. Kama hakuna maandishi, mwombe muuzaji ruhusa ya kupitisha pembe ya tupa ndogo nyuma ya mdomo, karibu kabisa na makali, polepole. Chuma kilichopashwa moto na kuzimishwa sawasawa kitaiacha tupa iteleze juu yake kama kwenye kioo. Chuma laini kitaliwa, utaona mkwaruzo na vumbi. Usijaribu karibu na mpini, maana huko hata kifaa kizuri kwa kawaida huachwa laini. Kisha shika mpini kwa mkono mmoja na chuma kwa mwingine, ujaribu kukizungusha. Msuka, ile ncha ya chuma inayoingia kwenye mpini, ukicheza ndani yake leo, ukipigwa nyundo kesho utatoka.

Vifaa vikuukuu kutoka kwa fundi aliyestaafu mara nyingi vina chuma bora kuliko seti mpya za bei ya chini, na ningependa makala ile ingelisema hilo. Kutu ya juu juu isikutishe. Angalia vishimo vya kutu vilivyochimba upande wa ndani wa bobari, kwenye mfereji wake, kwa sababu kila ukinoa vitajitokeza kwenye makali na kuyafanya kama meno. Na ukiona mdomo umekuwa wa buluu, aliyekitumia alikiunguza kwenye jiwe la umeme na ugumu umekwisha hapo penye buluu. Sehemu hiyo lazima isagwe yote iondoke, taratibu, huku ukichovya majini.

Mhariri, makala nzima haikuwa na hata mstari mmoja juu ya kunoa. Mtu atanunua kisu kizuri, kitakata kwa siku tatu, halafu atadhani kimeharibika. Mimi nilijifunza kunoa kwa wiki tatu kabla sijarudi kwenye kile kijiko. Unalaza ule mteremko wa makali juu ya kinoo mpaka uhisi umekaa sawa, bila kuinua mkono. Patasi ya useremala hunolewa kwa pembe ya digrii 25 hadi 30, lakini ya kuchongea inataka makali membamba zaidi, 20 hadi 25. Bobari huivuti moja kwa moja kama kisu. Unaiviringisha huku ikisogea, ili kila sehemu ya mdomo iguse jiwe. Endelea mpaka upande wa pili ukiupapasa kwa kidole, kutoka nyuma kwenda mbele, uhisi ukingo mdogo wa chuma umejikunja mdomo mzima. Huo ndio ushahidi kwamba umefika. Kuutoa, ndani ya bobari natumia msasa laini wa namba 1000 uliozungushwa kwenye kijiti cha mviringo.

Kisha ngozi. Nilikata mkanda mkuukuu wa suruali, nikaugundisha kwenye ubao na kuupaka dawa ya kung'arishia chuma, ile ya kijani. Kifaa kinavutwa kwa kurudi nyuma tu, maana kikisukumwa mbele kitaikata ngozi. Mara 20 au 30 kila nusu saa ya kazi, na kinoo chenyewe hutakigusa mara kwa mara. Jaribu makali kwa kukata kipande cha mbao laini kukingama na nyuzi zake. Kama mkato unang'aa, umenoa. Kama una mistari myeupe au nyuzi zimepondeka, rudi kwenye jiwe.

Wanaoshona watanielewa nikisema mbao nayo ina uzi. Kitambaa kinakatika vizuri ukifuata uzi wake, na ukikata mshazari kinavutika. Mbao ukiichonga kinyume cha nyuzi, kisu kinazama chenyewe na kuinua vibanzi. Usilazimishe, geuza mbao uje kutoka upande wa pili. Na mbao ya kujifunzia iwe laini yenye nyuzi zilizonyooka. Mpingo, ambao ni mzito hata unazama majini, uache kwanza, kwani utakutafunia makali kabla hujajua kuyarudisha.

Mjukuu wangu wa miaka 14 sasa anataka kujifunza. Nimempa kisu changu cha pili na glavu ya kuzuia kukatwa kwa mkono unaoshika mbao, na nimemwambia glavu haizuii ncha inayochoma, hivyo mkono usikae mbele ya makali hata siku moja. Bado hajapewa bobari. Kwanza ninoe kisu naye kila jioni.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu aandike makala ya pili juu ya kunoa peke yake, yenye picha za karibu za mdomo wa bobari kabla ya kinoo na baada yake. Maneno yangu hayawezi kuonyesha ule ukingo mdogo wa chuma, picha inaweza. Mkiichapa, nitaikata kwa mkasi wa karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza ya huyu mtoto.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani