Mama, neno "lady" limetoka kwenye unga

Bradford, Uingereza

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepoa. Hela ya bati nimeituma juzi kwenye simu ya mdogo wangu.

Leo nakuandikia kwa sababu ya neno moja. Bekari ninakofanya kazi, msimamizi wa zamu akituita wanawake husema "ladies". Nilijua ni neno la heshima tu, kama sisi tunavyosema bibie. Jumamosi nikaingia maktaba, nikafungua kamusi kubwa. Mama, niliduwaa.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza walisema hlæfdige. Hlaf ni mkate. Kipande cha pili ni cha kukanda, shina moja na "dough", yaani unga uliokwisha kukandwa. Kwa hiyo lady ni mwanamke anayekanda mkate! Lord naye, yule bwana mkubwa, alikuwa hlafweard, mlinzi wa mkate. Na mtumishi wao aliitwa hlafæta, mla mkate. Yumo kwenye sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, zilizoandikwa karibu na mwaka 600. Cheo cha kila mtu nyumbani kilipimwa kwa mkate. Baadaye h ikadondoka, f ikamezwa, watu wakasahau kwamba mle ndani mna unga. Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066 walileta vyeo vyao vya Kifaransa, akina duke na baron, lakini lady halikung'oka.

Nikakuona wewe, saa kumi alfajiri, sinia juu ya kigoda, kanga umeifunga kifuani, unakanda kwa kisigino cha kiganja mpaka unga uache kung'ang'ania vidole. Kisha unabonyeza kwa gumba, shimo likijaa lenyewe unasema, "Sasa umekubali." Hapa mashine ndiyo inayokanda, lakini mimi bado nabonyeza kwa gumba.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Nilipojaza fomu ya kidato cha kwanza, kwenye kazi ya mzazi uliniambia niandike "hana". Nikaandika. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma, maana karo ile ilitoka kwenye sinia lako.

Mdogo wangu akijaza yake Januari, aandike: anakanda na kuuza maandazi. Usimkatalie, mama.

Hamira nitampa mgeni anayekuja mwezi ujao. Niandikie bei ya ngano imefika wapi.

Mwanao