Barua ya wazi kwa msimamizi wa Njia ya Pwani: tupe habari za mto kabla hatujaufikia

Mheshimiwa,

Yah: Vibao vya maji kupwa na kujaa kabla ya mto Minho

Sisi ni watembea kwa miguu na waendesha baiskeli tunaozungumza Kiswahili. Tunakuandikia kuhusu kilomita 280 hivi za Njia ya Mtakatifu Yakobo, njia ya kale ya mahujaji, zinazofuata bahari kutoka Porto, Ureno, hadi Santiago de Compostela, Hispania. Mishale ya manjano inatosha, na anayejua kwamba ile ya buluu inarudi kusini kuelekea Fátima, mji mwingine wa hija, hapotei. Penye shida ni mtoni.

Pale Caminha, mji wa Ureno ulio mdomoni mwa mto Minho, njia inakatika, na ng'ambo ni Galicia, jimbo la Hispania. Mdomo wa Minho una mafungu ya mchanga. Maji yakipwa, chombo kikubwa hukwama, na boti ndogo nazo hungoja. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kupwa huzidi. Tena saa za maji husogea kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo aliyevuka jana hawezi kumwelekeza wa leo. Kisha kuna saa za nchi mbili: saa 11 jioni Caminha ni saa 12 jioni A Guarda, mji wa ng'ambo, na mlango wa nyumba ya mahujaji hufuata saa ya upande wake.

Anayekwenda kwa miguu akikosa chombo hulala Caminha, au hupanda treni hadi Valença, akavuka daraja kuingia Tui, Hispania, na kushika Njia ya Kati, ile ipitayo bara. Njia hizo mbili hukutana Redondela. Cheti chake cha hija, kinachotolewa Santiago, hakipotei, maana anadaiwa kilomita 100 za mwisho tu, na Tui iko mbali kuliko hapo. Mwenye baiskeli anadaiwa kilomita 200 za mwisho, na Caminha imo ndani ya hizo. Akipanda treni, cheti kimekwenda. Kwake njia salama ni kupandisha mto kilomita 13 hivi hadi Vila Nova de Cerveira na kuvuka kwa daraja. Ni mwendo wa saa moja, lakini ni lazima aujue kabla jua halijaanza kushuka. Boti ndogo hubeba baiskeli chache, na mifuko ya keria sharti ivuliwe kwanza.

Kwa hiyo tunaomba vibao viwili: kimoja Viana do Castelo, siku moja ya mwendo kabla ya mto, na kingine Vila Praia de Âncora. Kibao kikiwekwa gatini Caminha kitakuwa kimechelewa. Kila kimoja kionyeshe saa za kupwa na kujaa za siku saba, kwa saa ya Ureno na ya Hispania. Idadi ya baiskeli zinazopokelewa kwa safari moja. Namba ya simu ya mabaharia. Na umbali hadi madaraja yote mawili. Karatasi ibadilishwe kila Jumatatu. Karatasi ya wiki iliyopita ni mbaya kuliko kibao kitupu, kwa kuwa mtu huiamini.

Tukiwa hapo hapo, njia za mbao kaskazini mwa Porto zifagiliwe baada ya dhoruba. Mchanga ukifunika mbao zenye unyevu, mtu huteleza, na pale baiskeli zinapokatazwa kibao kiseme zipite wapi. Sasa zinaangukia barabara za mawe, ambako nati za keria hulegea na spoku hukatika, hasa kwa tairi nyembamba. Upana wa milimita 40 unasaidia, na nati zikazwe kila jioni.

Kiangazi upepo wa kaskazini huvuma usoni kuanzia adhuhuri, kwa hiyo wengi huondoka alfajiri. Tunaomba vibao viwe vimesimama kabla ya msimu huo.

Wako,
Mahujaji wa miguu na baiskeli