Mwanangu, neno lile usimwambie tena

Kibaigwa, Jumapili jioni

Mbukwa mwanangu,

Huku hatujambo, mgongo tu ndio unanisumbua. Nimeona niandike, maana kwenye simu tunaishia kugombana.

Juzi uliiweka simu mezani bila kukata, nikasikia yote. Mjukuu wangu, mume wangu mdogo, alikuwa analilia ndizi uliyommenyea, alitaka aimenye mwenyewe. Ukampa nyingine, akaikataa. Anaitaka ileile, irudishiwe ganda! Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Halafu nikakusikia, "Wewe ndiye uliyenikosesha kazi." Usiku ule sikulala.

Neno hilo usimwambie tena. Kazi iliisha kwa sababu mradi uliisha, mkaondoka wengi, hata wasio na watoto. Wala usiniambie haelewi. Anayeimba tangazo la sabuni la redioni mwanzo mpaka mwisho, hilo ndilo lipite asilisikie?

Ubishi wake umetoka wapi tunajua wote, tusiongeze. Umri huo mtoto anataka kila kitu afanye mwenyewe, na maneno ya kueleza anachotaka bado hana, basi anajitupa chini. Usimuulize kama ataoga, atakwambia hataki. Muulize anaoga na kopo jekundu au la bluu. Ukimwagilia mchicha mpe na yeye kikopo chake, alowe, jua la Dodoma litamkausha. Akigaragara pale soko la Majengo, chuchumaa karibu yake unyamaze. Watu watatazama, wakichoka wataenda zao. Simu usimpe ili anyamaze, kesho atalia mapema zaidi. Ila kama umekesha naye na umempa, umempa, mimi si askari.

Kadi yake ya kliniki niliiona nilipokuja. Mstari wa uzito unapanda tu, na nyumba haina mshahara wako. Wangapi wanaweza hilo? Nilimwonyesha hata baba yako.

Sasa NSSF umekwenda? Kuna fao la upotevu wa ajira, kijana wa jirani yangu alilipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Wanaangalia kama umechangia angalau miezi 18 na kama hukuacha kazi mwenyewe. Wewe umekatwa michango miaka mitatu. Kaulize, hata wakikukatalia utakuwa umejua. Umesoma chuo kikuu pale UDOM ukamaliza, foleni ya dirishani ndiyo ikushinde? Aibu ya nini, na ni jasho lako? Na maombi ya kazi za serikali ya kwenye Ajira Portal yajaze usiku akishalala. Ukiyajaza yuko macho atabonyeza kitu, yatapotea, na neno lile litakutoka tena. Hilo ndilo ninaloliogopa, si kazi. Kazi utapata.

Ukiona hasira imepanda, mpe mama wa chumba cha pili akushikie, utoke hata barabarani. Mkwe wangu akirudi na lori Jumamosi, amchukue mtoto wewe ulale. Asikwambie amechoka, na wewe umechoka.

Neno la namna ile halitoki kichwani kwa mtu. Wako watu wazima wanatembea nalo mpaka leo, na huenda hata wewe unalo moja kutoka nyumba hii. Ukija tutaliongea, baba yako akiwa shambani.

Kesho natuma mzigo na basi, kaupokee mchana stendi ya Nanenane. Kuna mlenda mkavu, karanga, unga wa uwele na dumu la mafuta ya alizeti. Karanga zitwange kwanza, usimpe nzima, zitamkaba. Mahindi yamebaki magunia manne. Baba yako anataka kuyauza sasa hivi, mimi nasema tusubiri bei ipande. Mpigie umwambie, wewe anakusikia kuliko mimi. Mlango wa banda la mbuzi umeng'oka tena, tumeufunga kwa kamba.

Dumu usiligawe. Ni la mama wa dukani, na ameshaanza kuliulizia.

Mama yako