Mteja hanunui chipu, ananunua kipimo

Mhariri,

Wanaotaka kufungua karakana ya kutengeneza vifaa vya kukusanya data huanza kwa kubishana ni mikrokontrola (chipu inayoendesha kifaa) ipi iliyo bora. Hilo ni suala la jioni moja. Karibu chipu yoyote ya leo inatosha. Kinachomrudisha mteja na kifaa mkononi, uso ameukunja, ni saketi iliyo kati ya sensa na chipu.

Chukua kigeuzi cha biti 12, yaani sehemu inayogeuza volti za sensa kuwa namba, kinachotumia volti 3.3 kama rejeo, yaani volti za kulinganishia. Hatua yake moja ni milivolti 0.8 hivi, na kwenye karatasi inapendeza. Lakini volti hizohizo zikiwa ndizo zinazolisha redio ya bodi, kila redio inapotuma rejeo linayumba, na vipimo vyote vinayumba nalo. Chipu ya rejeo ya peke yake ni nafuu kuliko safari moja ya kwenda kwa mteja.

Kisha umeme wa gridi. Tuseme kifaa kinasoma joto la tangi mara 10 kwa sekunde, na waya wa sensa umelala kando ya waya wa umeme wa hezi 50. Saa ya bodi ikikosea kwa asilimia 0.1 tu, hezi hizo 50 hujitokeza kama wimbi la polepole linalojirudia kila sekunde 20. Mteja ataapa kwamba tangi lake linapumua! Kuchukua wastani wa sampuli kumi kumi hakusaidii kitu, maana kosa limeshavaa sura ya data halali. Dawa ni kichujio kabla ya kigeuzi: rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10 hupunguza hezi 50 mara 30 hivi. Kapasita ya elektroliti isitiwe hapo. Huvuja umeme, na mikroampea 1 ikipita kwenye kiloomu 10 ni milivolti 10 za uongo.

Kadi ya kumbukumbu nayo inaweza kusita robo sekunde wakati wa kuandika. Kwa sampuli 1,000 kwa sekunde, baiti 2 kila moja, bafa (kumbukumbu ya muda) ya baiti 512 hujaa kwa sekunde 0.256, yaani umeponea chupuchupu. Tenga baiti 4,096, na kila sampuli ipewe namba ya mfululizo ili pengo likitokea lionekane.

Kwenye bei, wengi hujumlisha vipuri, wakaongeza faida, wakasahau muda wa kupima kila bodi. Anza na bodi 5, si 100. Toleo la kwanza ni nadra kukosa njia ya umeme iliyochorwa vibaya. Halafu jenga jigi (kishikio cha kupimia bodi) yenye pini za springi: itie volti 0.3, kisha 3.0, ikokotoe kosa la sifuri (vipimo vyote kuhama kwa kiasi kilekile) na la mteremko (kosa linalokua kadiri kipimo kinavyokua), na iyaandike ndani ya kifaa pamoja na namba yake. Multimita ya kulinganishia iwe na cheti cha kalibresheni ambacho hakijapitwa na muda, la sivyo bodi zote zitakubaliana katika kosa moja.

Uhaba wa chipu wa 2021 uliwalazimisha wengi kuchora bodi upya. Kigeuzi na rejeo, ambavyo mara nyingi havina mbadala wa kuchomeka tu, vinunuliwe vya awamu nzima kabla hujamwahidi mteja tarehe.

Mafundi wa vifaa vya vipimo